Maswali yenu kuhusu bekoni: kansa, kikaango, na wanandoa wasiogombana

Toleo lililopita tuliandika nusu ukurasa kuhusu kifungua kinywa, na bekoni, ile nyama ya slesi iliyotiwa chumvi, mara nyingi ya nguruwe, tukaitaja mstari mmoja tu, kwamba ni chakula cha mara mojamoja. Basi barua zikamiminika. Kuna walioshukuru, kuna waliokasirika kabisa wakasema tunawaonea, na kuna waliouliza vitu ambavyo hata mi ilibidi nikae chini nivisome upya. Nimechagua hizi. Barua nyingine nimezifupisha kwasababu zilikuwa ndefu mno, mnisamehe.

Niseme mapema ninaposimama ili msije mkanitafuta kati ya mistari: mi naona bekoni ni kiungo, ni kitu cha kutia ladha, na matatizo yake mengi yanaanza pale tunapoigeuza kuwa mboga ya kushibia kila siku.

Shikamoo shangazi. Mume wangu kanionyesha kwenye simu kwamba WHO, Shirika la Afya Duniani, wamesema bekoni ni sawa na sigara. Sisi tunaila kila Jumamosi na watoto wanaisubiri kwa hamu. Ina maana tumeshajiua? – Mama wa wawili

Marahaba mwanangu. Hapana hamjajiua, ila mume wako nae hajazua. Ilikuwa hivi, mwezi Oktoba 2015 lile shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO, linaitwa IARC, makao yake Lyon Ufaransa, liliita wataalamu 22 kutoka nchi 10, wakapitia tafiti zaidi ya 800, na mwisho wa siku nyama iliyosindikwa, yaani bekoni, soseji na nyama zote za kutiwa chumvi na dawa au kukaushwa kwa moshi, wakaiweka kundi la 1. Kundi la 1 ni la vitu ambavyo ushahidi umetosha kwamba vinasababisha kansa kwa binadamu. Sigara nayo iko kundi hilohilo, na hapo ndo watu wakabeba kichwa cha habari wakakimbia nacho.

Sasa shika hapa maana ndo penyewe. Kundi linakwambia wataalamu wana uhakika kiasi gani kwamba kitu kinasababisha kansa. Halikwambii kinasababisha kansa ngapi. Wakati ule WHO na IARC wenyewe walinukuu makadirio ya watafiti wengine ya dunia nzima kwa mwaka: vifo vya kansa vinavyoweza kuhusishwa na ulaji mwingi wa nyama iliyosindikwa kama 34,000, pombe kama 600,000, tumbaku kama milioni 1. Angalia hizo namba alafu uniambie kama ni sawa na sigara.

Kingine wanachokisema sana ni asilimia 18. Ukila gramu 50 za nyama iliyosindikwa KILA SIKU, hatari ya kansa ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18. Gramu 50 ni kama slesi nne tano hivi za bekoni nyembamba iliyoshakaangwa, inategemea na unene. Na asilimia 18 ya nini? Tuseme mahali fulani kati ya watu 100, watu 5 watapata kansa hiyo katika maisha yao. Ukiongeza asilimia 18 juu ya hao 5 unakaribia 6. Ni mtu mmoja kamili, ana jina na ana watoto, sitaki kumdharau, lakini ni tofauti sana na kusikia "asilimia 18" ukadhani karibu mtu mmoja kati ya watano anaondoka.

Kuhusu Jumamosi yenu: slesi tatu kwa wiki ni kama gramu 30 kwa wiki nzima, wakati hesabu ile ya asilimia 18 ni ya gramu 350 kwa wiki. Mi kwangu Jumamosi yenu ibaki, watoto waendelee kuisubiri. Ila kama Jumamosi ina bekoni, Jumatatu ina soseji kwenye mkate, Jumatano soseji tena na Ijumaa baga yenye bekoni, basi usihesabu bekoni peke yake, hesabu familia nzima ya nyama za pakiti, kwasababu kwenye utumbo zinaingia kwenye hesabu moja. Uingereza huduma yao ya afya inashauri mtu anayekula zaidi ya gramu 90 kwa siku za nyama nyekundu na ya kusindikwa kwa pamoja apunguze zifike 70, na huo ni ushauri ambao mi naona unafuatika hata kwa mtu anayependa nyama.

Hivi ni nini hasa ndani ya bekoni kinacholeta hiyo kansa? Na pakiti zilizoandikwa "haina nitraiti iliyoongezwa" ni salama au wanatupiga? – Msomaji wa siku nyingi

Swali zuri sana na nafurahi umeuliza kwa sababu hapa watu wanalipa hela ya ziada bila kujua wanalipia nini.

Bekoni inatengenezwa kwa chumvi, mara nyingi sukari kidogo, na nitraiti ya sodiamu. Hiyo nitraiti haikuwekwa kwa ubaya. Kwanza inazuia yule bakteria anayeleta botulizimu, sumu ambayo inaua kwelikweli, pili inashikana na ile rangi nyekundu ya nyama ndo maana bekoni ikikaangwa inabaki na uwekundu-waridi badala ya kuwa ya kijivu kama nyama ya kawaida, na tatu inaleta ile ladha yenyewe, bila hiyo unabaki na nyama ya nguruwe yenye chumvi. Shida ni kwamba nitraiti ikikutana na vipande vya protini, hasa kwenye moto mkali au ndani ya tumbo, inaweza kutengeneza kemikali zinaitwa nitrosamini, na nyingi kati ya hizo zinasababisha kansa. Ongeza madini ya chuma yaliyomo kwenye nyama nyekundu, nayo yanasaidia hiyo shughuli kutokea kwenye utumbo. Ongeza na masizi ya kuunguza. Kwahiyo ni vitu kadhaa vinashirikiana, hakuna mchawi mmoja.

Viwanda vinalijua hilo. Marekani tangu miaka ya 1970 mwishoni bekoni ya kiwandani inayodungwa maji ya chumvi inatakiwa kutiwa pamoja na nitraiti kiasi maalum cha ndugu zake vitamini C, kwasababu vinazuia nitrosamini zisijitengeneze kwa wingi. Ukisoma pakiti ukakuta askobeti au erithobeti usiogope, hizo ndo ziko upande wako.

Sasa hizo pakiti za "haina nitraiti iliyoongezwa". Geuza nyuma usome kwa herufi ndogo. Mara nyingi utakuta unga au maji ya mboga ya seleri. Seleri kwa asili ina nitreti nyingi, wanaichachusha na bakteria inageuka nitraiti, alafu inaingia kwenye nyama inafanya kazi ileile na kemia yake ni ileile. Nyama haijui kama nitraiti imetoka kwenye gunia au kwenye mboga. Mi binafsi maandishi haya yananiudhi, kwasababu mama mwenye mtoto anaona neno "haina" analipa zaidi anaenda nyumbani na amani ambayo hajauziwa.

Zipo nyama ambazo kweli hazina kabisa, kwa mfano lile paja la nguruwe la Parma, Italia, wanatumia chumvi tu na muda, tena muda mrefu, zaidi ya mwaka. Bekoni ya kiwandani inatengenezwa kwa siku chache ndo maana inamhitaji msaidizi.

Sisi kwa imani yetu nguruwe hatuli. Tunanunua bekoni ya ng'ombe na ile ya bata mzinga. Si hiyo kansa haituhusu? – Bi Harusi Mtarajiwa

Inakuhusu bibi harusi, na hongera. Kilichopimwa na wale wataalamu ni kusindika, sio mnyama. Nyama ya ng'ombe ikitiwa chumvi na nitraiti ikafukizwa moshi ni nyama iliyosindikwa. Bata mzinga nae hivyohivyo. Bata mzinga mafuta yake kwa kawaida ni machache, na madini ya chuma ya aina ile ni kidogo kuliko ng'ombe, hiyo ni faida ya kweli. Lakini chumvi mara nyingine inalingana na ya nguruwe au inaizidi. Alafu bekoni nyingi za bata mzinga sio slesi iliyokatwa kutoka kwenye mnyama, ni nyama iliyosagwa ikaungwa ikatengenezwa umbo la slesi, kwahiyo orodha ya viungo inakuwa ndefu, na wewe mwenye masharti ya imani una sababu ya pili ya kuisoma hadi mwisho.

Kaka mhariri, nani aliamua bekoni na mayai ni chakula cha ASUBUHI? Mbona hatuli mchana? – Mdadisi

Mi ni dada, lakini karibu kaka.

Waingereza walikuwa wanakula bekoni na mayai asubuhi tangu zamani, hilo halina mtu mmoja. Tena kuna kisa kizuri hapo, Wadenmark walikuwa wanawauzia Wajerumani nguruwe hai, mwaka 1887 Ujerumani ikafunga mlango, basi Wadenmark wakageuka, wakulima wakaungana wakajenga kiwanda cha ushirika mjini Horsens mwaka huohuo wakaanza kutengeneza bekoni kwa ajili ya meza ya Mwingereza, na wakaishika hiyo biashara kwa vizazi. Na ile ya Mwingereza inakatwa mgongoni, ina nyama kubwa na mafuta pembeni. Ya Mmarekani inakatwa tumboni, mistari ya mafuta na nyama. Ndo maana watu wawili wakibishana kuhusu bekoni kwenye mtandao mara nyingi wanaongelea vitu viwili.

Lakini kuhusu Marekani kuna mtu. Anaitwa Edward Bernays, mtoto wa dada yake Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, na ndo anatajwa kama mmoja wa waasisi wa kazi ya uhusiano wa umma. Miaka ya 1920 kampuni ya Beech-Nut ilikuwa inauza bekoni na mauzo yalikuwa hayaridhishi, wakati ule Wamarekani wengi asubuhi walikuwa wanakula kidogo tu, kahawa, mkate, labda juisi. Wakamwendea Bernays. Mtu mwingine angechora tangazo "nunueni bekoni yetu". Yeye hakufanya hivyo. Kwa maelezo yake mwenyewe alimwendea daktari wa ofisi yao akamuuliza, hivi kifungua kinywa kizito sio bora kuliko chepesi? Daktari akasema ndio, mwili unahitaji nguvu baada ya usiku. Akamuomba awaandikie madaktari wenzie, kama 5,000 hivi, na karibu 4,500 wakajibu kwamba wanakubali. Magazeti yakaandika madaktari 4,500 wanashauri kifungua kinywa kizito, na pembeni ya habari hiyo bekoni na mayai vikatajwa kama mfano wa kifungua kinywa kizito.

Umeona kilichofanyika? Hakuna daktari aliyeulizwa kama bekoni ni nzuri. Hakuna mgonjwa aliyepimwa. Waliulizwa kama uzito ni mzuri, wakajibu kwa maoni yao, na jibu likapelekwa likavikwa bekoni. Na hakuna uongo hata mmoja ndani yake! Ndo maana mi kila nikiona habari imeandikwa "madaktari wanasema" nauliza kwanza, waliulizwa nini, na nani alilipia swali. Mchana unaweza kula kaka, hakuna sheria, kuna watu wanaiweka kwenye mkate na nyanya na saladi saa saba mchana na hakuna aliyewakamata.

Naomba msaada wa jikoni. Yangu inatoa povu jeupe, inajikunja, katikati mbichi pembeni mkaa. Nimechoka. – Mpishi mpya

Pole mdogo wangu. Lile povu jeupe ni maji na protini. Kiwandani wanadunga nyama kwa sindano nyingi za maji ya chumvi ili ikamilike haraka na iwe nzito, sasa ukiiweka kwenye moto yale maji yanatoka yamebeba protini. Hayana madhara lakini yanafanya nyama ichemke badala ya kukaangika. Ile iliyosuguliwa chumvi kavu haitoi sana, ukiipata.

Kosa lako kubwa nadhani ni kikaango cha moto. Anza na kikaango cha BARIDI. Panga slesi zikiwa hazijapandana, usitie mafuta hata tone, washa moto wa chini kuelekea wa kati, alafu tulia. Dakika za kwanza utaona kama hakuna kinachoendelea. Kisha mafuta meupe yanaanza kuwa kama kioo, yanayeyuka pole pole yanatandaza chini ya nyama, sauti inaanza kidogo kidogo, na nyama inajikaanga kwenye mafuta yake yenyewe. Ukianza na moto mkali nyama inakaza na kujikunja kabla mafuta hayajapata nafasi ya kutoka, hapo ndo unapata pembe za mkaa na katikati mpira. Geuza geuza. Povu likiisha na sauti ikibadilika, kutoka kule kupasuka pasuka ikawa kama mvua nyembamba, uko karibu. Itoe ikiwa bado inalegea kidogo kwasababu inakauka zaidi ikipoa kwenye sahani, wengi wanasubiri ikauke kikaangoni na hapo wameshachelewa.

Kama mnakula wengi, tumia oveni, nyuzi 200, panga kwenye trei, dakika 15 mpaka 20, hugeuzi wala mafuta hayakurukii. Na kwa yale tuliyosema juu kuhusu nitrosamini, usiiunguze, ile nyeusi ni ya kutupa, hata kama kuna mtu nyumbani anaipenda hivyo.

Mafuta yaliyobaki usiyamwage kwenye sinki, yataganda kwenye bomba. Chuja, weka kwenye chupa, tumia kidogo kukaangia kabichi au viazi. Wakati wa vita kuu ya pili Marekani kuanzia 1942 mama wa nyumbani walikuwa wanaombwa wayakusanye kwenye kopo wayapeleke kwa muuza nyama, kwasababu glisarini ya kwenye mafuta ilikuwa inatengenezea baruti na mabomu. Na Uingereza bekoni ilikuwa kati ya vyakula vitatu vya kwanza kabisa kuwekewa mgao, tarehe 8 Januari 1940, pamoja na siagi na sukari, kila mtu wakia 4 kwa wiki yaani kama gramu 113. Mgao wa nyama na bekoni uliisha mwaka 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Nikifikiria hilo naona jinsi ambavyo watu walijua thamani ya slesi moja.

Baba yangu ana presha na ameanza ile diet ya kuacha wanga, anakula bekoni asubuhi na jioni anasema daktari wa YouTube kamruhusu. Tumwambieje? – Kitinda mimba

Mwambieni kwa heshima, lakini mwambieni leo. Kwenye diet ya kuacha wanga bekoni inapita kirahisi kwasababu haina wanga wa kuhesabu, na kupungua uzito anaweza kupungua kweli, hapo hatubishani. Tatizo la baba ni presha, na presha inasikiliza chumvi. WHO wanasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, vyakula vyote pamoja. Slesi tatu za bekoni zinaweza kumpa gramu 1 na zaidi, sasa yeye anakula mara mbili kwa siku na nina wasiwasi kwamba sio slesi tatu. Kabla hajagusa chumvi ya mezani ameshamaliza nusu ya mgao. Mafuta yake, karibu nusu ni ya aina ileile iliyomo kwa wingi kwenye zeituni, hilo ni kweli na hao wa YouTube hawakosei wakilisema, lakini sehemu nyingine kama asilimia 40 ni mafuta mgando, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya.

Akitaka kuendelea na diet yake aendelee na mayai, samaki, maparachichi, karanga, kuku wa kawaida ambaye hajatoka kwenye pakiti. Na presha ipimwe na mtu aliyekaa nae uso kwa uso, mwenye kujua dawa anazotumia. Daktari wa YouTube hajui jina la baba yako.

Mwanangu ana miezi 10, anaililia bekoni ya baba yake. Kipande kidogo kina shida? – Mama Baraka wa kwanza

Kina shida, msimpe. Mtoto chini ya mwaka mmoja chumvi yake kwa siku nzima haitakiwi kufika gramu 1, figo zake bado changa. Tena bekoni ngumu inavunjika vipande vikali na laini inakuwa kama mpira, zote zinaweza kumkaba. Mpe kitu kingine cha kushika.

Kwanini intaneti imechizika na bekoni? Nimeona bekoni kwenye keki, kwenye vodka, mpaka sabuni yenye harufu ya bekoni. – Kijana wa chuo

Hii ilianza kuchemka miaka ya 2000. Lakini nyuma yake kuna habari ya biashara ambayo vijana hamuambiwi. Miaka ya 1980 Wamarekani waliogopa sana mafuta, nyama ya tumbo la nguruwe ikawa haina mwenyewe, bei chini. Wafugaji na viwanda wakapigania iingie kwenye baga za migahawa ya haraka, maana baga inahitaji ladha na bekoni ni ladha ya bei nafuu, na bekoni iliyokaangwa tayari kiwandani ikaondoa usumbufu wa kuikaanga mgahawani. Ikafanya kazi. Mwaka 2007 Wendy's, migahawa ya baga ya Marekani, wakatoa baga yao ya Baconator. Desemba 2008 jamaa wawili wa Kansas City wakaweka kwenye mtandao kitu walichokiita Bacon Explosion, umesukwa mkeka wa bekoni, ukatandazwa soseji, ukawekwa bekoni nyingine ndani, ukaviringishwa na kufukizwa moshi, jumla kama kalori 5,000, na watu duniani kote wakakimbilia kukisoma. Mwaka huohuo Des Moines, Iowa, likaanza tamasha la bekoni.

Na kuna soko la Chicago ambalo tangu 1961 watu walikuwa wananunua na kuuza mikataba ya nyama ya tumbo ya nguruwe iliyogandishwa. Zamani bekoni ilikuwa na msimu, watu wanakula sana kiangazi nyanya zikiiva, kwahiyo tumbo zinagandishwa mapema zinasubiri, na wafanyabiashara wanabashiri bei. Bekoni ilipoanza kuliwa mwaka mzima hakukuwa tena na haja kubwa ya kugandisha na kusubiri, na ule mkataba ukafutwa 2011. Mi hiyo ndo naiona kipimo cha jinsi bekoni ilivyopendwa, kuliko sabuni.

Harufu nayo ina haki yake. Protini na sukari zikikutana na moto zinaungua kwa ule mtindo unaoleta rangi ya kahawia na harufu ya mkate, mafuta yanavunjika yanaleta yake, nitraiti inaongeza kitu ambacho nyama ya kawaida ya nguruwe haina. Ndo maana hata watu walioacha nyama miaka wanakwambia bekoni ndo inawasumbua. Na kwa taarifa yako Julai 1969 Apollo 11 ilipotua mwezini, chakula cha kwanza kilichopangiwa wanaanga kula pale kilikuwa na vipande vya mraba vya bekoni. Ilifika mwezini kabla ya intaneti.

Nimesikia kuna nchi mume na mke wasiogombana wanapewa nguruwe. Kweli au hadithi? – Mwenye ndoa changa

Kweli kabisa na inanifurahisha! Ni Uingereza, Essex, mji unaitwa Great Dunmow. Wanandoa wanakuja mbele ya mahakama ya mchezo, ina hakimu, ina mawakili, ina wazee wa baraza 12, wasichana sita na vijana sita ambao hawajaoa, na wanatakiwa kuwashawishi kwamba kwa mwaka mmoja na siku moja hawajawahi kutamani wangekuwa hawajaoana. Wakili wa upande wa pili anawatetea waliotoa nyama, kazi yake ni kuwachimba mpaka ugomvi utoke. Wakishinda wanabebwa kwenye kiti cha kale mabegani mwa watu, wanapiga magoti kwenye mawe yenye ncha kula kiapo, wanapewa ubavu mzima wa bekoni. Wakishindwa wanapewa kipande cha paja wakajifariji. Ni mila ya zamani sana, mshairi Mwingereza Chaucer aliitaja karne ya 14, ikalala, ikafufuliwa karne ya 19, na sa hivi inafanyika kila baada ya miaka minne, ule mwaka wenye Februari ya siku 29.

Ubavu mzima kwa watu wawili ni nyingi lakini. Wakagawe kwa majirani.

Pakiti nikishaifungua inakaa muda gani? – Hana jina

Kwenye friji siku 7, iwe imefungwa vizuri isipate hewa. Friza mwezi mmoja, baada ya hapo haitakudhuru ila mafuta yanaanza kuwa na ladha ya zamani, kwasababu chumvi inayaharakisha kuharibika hata kwenye baridi. Ukiigandisha tenganisha slesi kwa karatasi ili utoe mbili tatu unazohitaji bila kuyeyusha pakiti nzima. Ikiteleza, ikiwa na utando, ikinuka uchachu au ikigeuka kijani-kijivu, tupa, na usiionje kwanza ili uhakikishe.